Wimbo Ndani ya Ngome

Nakivale, Jumapili

Papa mpendwa,

Sote wazima, mihogo imeshika vizuri. Korali yetu imerudi kutoka Mombasa! Umeniuliza kama nitakufuata Burundi mwezi wa kwanza. Nimekuwa nikilikwepa swali hilo, unanijua nilivyo na haya.

Tulitembezwa Fort Jesus, ngome ya zamani ya Wareno. Kiswahili cha kiongozi wa watalii kiliwapita mama wa korali, basi Padri akanisukuma mbele: "Doriane, tafsiri." Nikatafsiri kwa Kirundi, macho chini, hadi tukafika kwenye mabaki ya kuta.

"Hapa palikuwa kanisa," nikasema.

Papa, mama wote wakapiga magoti! Mama Godeberthe akaanzisha wimbo, wenzake wakaupokea. Watalii wakatoa simu.

"Jamani, ni magofu tu!" kiongozi akalalamika. "Bado kuna mji wa kale!"

"Kanisa ni kanisa hata bila paa," Mama Godeberthe akamjibu, akaingia ubeti wa pili.

Kiongozi akanigeukia. Nikapaza sauti, mimi huyu: "Mama zangu, Mungu amesikia! Twendeni!"

Wakainuka wakicheka. "Kumbe una sauti!"

Ninayo, Papa. Basi sikiliza: mwezi wa kwanza siji. Nilitoka kwenye shule ya Kifaransa huko Burundi nikaingia ya Kiingereza hapa Uganda, na sasa ndio nimeanza kuelewa masomo. Nataka kumaliza sekondari Mbarara. Najua utalala peke yako katika nyumba yetu ya huko. Nimelia nikiandika, lakini sijafuta neno.

Nikasirikie kidogo, kisha unipigie.

Binti yako akupendaye,
Doriane