Nyumba Aliyonijengea Mkwe

Njia ya Lwakhakha, Bungoma
14 Januari 2025

Mwanangu Nelima,

Pokea salamu zangu, wewe, mkwe wangu Kiptanui na mjukuu wangu Linet. Mimi niko, Mungu ananishikilia, ila goti la kushoto bado linanikumbusha umri. Nyinyi hamjambo huko juu mlimani? Mtoto bado anakohoa?

Usishangae kupata barua na simu iko. Anakuletea Dinah, jirani yetu anayenunua vitenge Lwakhakha na kuviuza soko la Kitale. Nikikupigia simu, mume wako anaiweka spika ili na yeye anisalimie, na mimi siwezi kuongea mambo yangu mkwe akisikiliza. Hata kukohoa naogopa. Kwa barua niko huru.

Sasa nyumba. Tangu Kiptanui aimalize na kurudi kwenu kabla ya Krismasi, watu hawajaacha kuja kuitazama. Mkwe kumjengea mama mkwe nyumba ya matofali kwa mikono yake mwenyewe, hapa kwetu hawajaona. Mwambie ni nzuri sana. Mwambie nalala kama mtoto.

Mbona jua la mwaka huu ni kali hivi? Ama ni mimi nimezeeka? Ikifika saa sita hata kuku wanatembea midomo wazi.

Mamako,
Wilkista


Endebess, Kitale
25 Januari 2025

Mama mpendwa,

Barua yako ilifika ikinuka vitenge vipya, nikaisoma nimesimama. Sisi ni wazima. Linet amepona kifua, na meno yametoka, anang'ata kila mtu isipokuwa nyanya yake Jepkoech, mamake Kiptanui. Goti lako unalipaka ile dawa niliyokutumia?

Wewe unalia jua, mimi nalia baridi. Mchana jua linawaka vizuri tu, lakini likishazama upepo wa mlima unashuka na kuingia hadi kwenye mifupa. Nalala na soksi na sweta, mtoto namvisha kofia ya marvin hadi masikioni. Nilipoolewa nilikuwa nikioga alfajiri kwa maji baridi kama nyumbani, mpaka mama Kiptanui akaninyang'anya ndoo, akaniuliza kama nataka kumwachia mwanawe ujane. Siku hizi naoga mchana kama mtu asiye na kazi. Jioni tunasukuma gunia chini ya mlango. Na Kiptanui aliziba kwa simiti upenyo wote ulioko kati ya ukuta na mabati. Hapo ndipo nyumba yetu ilianza kukaliwa na watu.

Nilimsomea pale uliposema unalala kama mtoto. Mama, hujui ulichomfanyia. Alimwambia mamake, akamwambia pasta, akawaambia hadi wanaopeleka maziwa. Anasema yako ameijenga kama yetu, hakupunguza kitu: madirisha madogo upepo usisumbue, paa la chini, kila upenyo umezibwa. Alitaka upate joto lile lile tunalopata sisi.

Dinah anakuletea blanketi zito lenye picha ya simba. Tulilinunua Kitale, na ni Kiptanui mwenyewe aliyelichagua.

Mwanao,
Nelima


Njia ya Lwakhakha, Bungoma
8 Februari 2025

Nelima mwanangu,

Natumaini barua hii itawakuta mkiwa na afya na mahindi ya kusaga yakiwa bado yako ghalani. Blanketi limefika. Dinah alilibeba akitokwa na jasho, watu wakimcheka njia nzima. Nimeliweka chumbani ndani ya plastiki yake lisishike vumbi. Mwambie mkwe asante sana.

Nimekuwa na kizunguzungu kidogo. Muuguzi wa zahanati alinipima presha, akaniambia nisikae mahali pa joto, nitafute hewa. Nikamwambia nina nyumba mpya. Akasema vizuri.

Nataka kukuuliza kitu, lakini usikiulize kwa sauti. Nyumba ya simiti ikimwagiwa maji sakafuni kila mara, inaharibika? Na mtu akitundika leso mbichi dirishani, inaonekana vibaya kwa mwenye kujenga? Na zile sehemu za juu zilizozibwa, haziwezi kuzibuka zenyewe siku moja? Si mimi. Kuna jirani anauliza.

Mamako,
Wilkista


Endebess, Kitale
2 Machi 2025

Mama,

Salamu ni zile zile, na afya ni nzuri, lakini moyo hauko mahali pake. Sikuelewi. Na mimi mwenyewe sijielewi.

Juzi Kiptanui alikutana na Dinah sokoni, akamsaidia kupanga vitenge. Akamuuliza, "Na mama anaendeleaje na nyumba?" Dinah bila kufikiria akamjibu, "Nyumba gani? Si yeye analala kwa lile jiko lake la zamani la nyasi na kuku wake? Ile ya matofali nadhani ni ya wageni bana."

Kiptanui alirudi hapa. Aliniambia tu, "Ni wewe ama ni mamako anadanganya?" Nilitoa barua yako ya Januari, nikamwonyesha pale pa kulala kama mtoto. Akaisoma, akaenda kukamua ng'ombe. Tangu siku hiyo anakula na kuondoka. Mamake anasema mwanamke akiikataa nyumba ya mkwe, amemkataa mkwe mwenyewe. Ameongeza kuwa labda ni kwa sababu wao si Wabukusu.

Nilikupigia simu, ukasema network ni mbaya, ukakata. Network ya kwetu ilikuwa nzuri, Mama.

Ulikuwa unamtaka huyu mtu. Ni wewe uliyesimama mbele ya wajomba ukanitetea. Sasa nishike upande gani? Linet anatimiza mwaka mwezi wa nne, na tulisema tutamleta kwako. Kiptanui amesema hiyo safari haipo mpaka ajue alikukosea nini. Niambie tu. Hata kama ni kitu kibaya, niambie.

Nelima


Njia ya Lwakhakha, Bungoma
8 Machi 2025

Mwanangu,

Salamu kwa wote, hata kwa mama Kiptanui. Nimeianza barua hii mara tatu, na si ugonjwa. Ni aibu.

Ile nyumba ni moto. Sijui niseme vipi tena. Yale mabati ya rangi ya maruni yanashika jua toka asubuhi, na yako chini, karibu nayagusa kwa mkono. Madirisha ni ya ukubwa wa gazeti. Hewa ya moto inapanda juu na haina pa kutokea kwa sababu mkwe ameziba. Huku kwetu ule upenyo wa juu ndio unaotuokoa, wewe umesahau? Giza likiingia kuta ndio zinaanza kupumua lile joto la mchana. Siku ya kwanza niliingia na godoro, kabla sijatandika nikatoka nalo.

Ningemwambiaje? Mama mkwe amwambie mkwe wake kwamba chumba chake cha kulala kina joto? Nianzie wapi? Neno kitanda sijawahi kulitaja mbele yake. Na mtu amekujengea kwa mikono yake, amebeba kila tofali, halafu umwambie umekosea? Nikasema nitanyamaza, nitazoea. Sijazoea.

Sijui mimi ni mtu wa namna gani. Ile nyumba naipenda. Kila asubuhi naifagia. Wageni wakija nakaa nao sebuleni, nacheka, jasho likinitiririka mgongoni. Wakiondoka nafunga mlango na kwenda kwa kuku wangu. Hata kanisani wakinipongeza natikisa kichwa tu. Simkatai Kiptanui. Mungu ni shahidi, simkatai.

Mwambie wewe, kwa maneno yako. Mimi maneno yameniisha.

Mamako


Endebess, Kitale
14 Machi 2025

Mama,

Pole. Pole sana. Kizunguzungu kinaendeleaje? Sisi wazima.

Nilimwambia. Alikaa kwenye kibao cha kukamulia, akashika kichwa, akasema, "Nimemjengea mama yetu tanuri." Kisha akaniuliza upepo wa kwenu unatoka upande gani, jua linapiga chumba saa ngapi, maswali ambayo nadhani alipaswa kuyauliza mwaka jana. Mimi pia nilipaswa kumwambia, Mama. Nilikulia huko. Lakini nilikuwa nimezoea kuogopa baridi mpaka nikasahau watu wengine wanaogopa nini.

Hana hasira tena. Anataka kuja kuuzibua upenyo wa juu, aweke wavu wa mbu, apanue madirisha, aweke dari. Lakini amekwama. Unajua yeye ni mtu wa mlimani, ila mila yetu anaishika kuliko wajomba zangu. Mama mkwe akishalala kwenye chumba, mkwe hakanyagi humo. Ataitengeneza sebule vizuri, halafu chumba kibaki vile vile kikikuchoma? Nilimwambia tutafute fundi mwingine. Aliniangalia kama nimemtukana. Kazi yake ibomolewe na mtu mwingine, na yeye yuko hai?

Kwa hivyo nauliza, na naomba ukweli mtupu, si ule wa Januari. Mle chumbani umewahi kulala? Hata mara moja?

Mwanao aliyechanganyikiwa,
Nelima


Njia ya Lwakhakha, Bungoma
19 Machi 2025

Nelima,

Niko salama, kizunguzungu kimepungua. Swali lako limeninyima raha.

Sikuwahi. Lakini kuna siku. Ilikuwa Februari, nilikuwa nafagia mle chumbani mchana, macho yakaingia giza. Nikalala sakafuni kwa sababu nilikuwa nimeimwagia maji na ilikuwa baridi. Nikapotea kabisa. Niliamshwa na kuku aliyeingia kunidonoa kidole. Sasa hiyo ni kulala ama si kulala? Nikisema si kulala nitakuwa nimedanganya tena? Nikisema ni kulala, basi mkwe amefungiwa nje na mimi nimefungiwa na joto langu.

Nilienda kwa senge yako Nabwile, dada ya marehemu babako, kwa sababu mambo haya ndiye anayeyajua. Alinywa chai yake yote kwanza. Akaniuliza, "Ulitandika?" Nikasema hapana. "Ulivua kitambaa cha kichwa?" Hapana. "Uliaga mtu kwamba unaenda kulala?" Ningemuaga nani, kuku? Akasema, "Basi hiyo si kulala. Hiyo ni kuanguka. Chumba bado ni cha fundi."

Mwanangu, nilicheka mpaka nikalia. Kile kitu nilichokificha kwa aibu ndicho kimemwachia Kiptanui mlango wazi. Mwambie aje kabla mvua haijashika. Atakapokuwa hapa mimi nitakaa kwa Dinah. Mwambie pia namwomba msamaha, lakini usiseme mbele ya mamake.

Mamako,
Wilkista


Endebess, Kitale
24 Machi 2025

Mama,

Hamjambo huko? Huku mvua imeanza na baridi imezidi, Linet anaonekana macho tu.

Kiptanui anakuja Alhamisi na vifaa vyake. Ujumbe wa senge nilimsomea mara mbili, akacheka kwa mara ya kwanza tangu Februari. Amesema hivi: akimaliza usiingie haraka. Zunguka kila kona, jaribu kila dirisha, kama kuna kitu kimebaki sema sasa. Ukishalala, yeye haingii tena, hata paa likiruka.

Nelima


Njia ya Lwakhakha, Bungoma
13 Aprili 2025

Mwanangu Nelima,

Salamu nyingi, na mshukuru Mungu pamoja nami, maana leo naandika nikiwa mezani, ndani ya nyumba yangu.

Mkwe alifanya kazi mimi nikichungulia kwa ua wa Dinah kama mwizi. Alizibua juu kote, akaweka wavu. Madirisha sasa unaweza kupitisha ndama. Dari imekaa, na mabati ameyapaka rangi nyeupe. Chumbani alilikuta blanketi lenu ndani ya plastiki. Dinah aliyempelekea chai anasema alilishika muda mrefu, akalirudisha pale pale.

Alipoondoka sikuingia kulala. Nilifanya kama alivyosema, nikazunguka, nikafungua na kufunga. Kila kitu kiko sawa, na bado nilirudi kwa kuku. Sikujua nangoja nini. Halafu nikajua: nikilala tu, kile chumba mkwe hatakiona tena maisha yake yote, na hakuna atakayeniambia kama alikuwa radhi nami. Nilikaa na hilo mpaka jana. Kisha nikamuaga Dinah kwa sauti, nikatandika, nikavua kitambaa, nikalala.

Nililala vizuri, mwanangu. Safari hii ni kweli. Lakini alfajiri mvua ilinyesha, upepo ukapita kule juu na kwa yale madirisha makubwa, nikasikia baridi ambayo sijawahi kuisikia Bungoma. Leso haikutosha. Nikaipasua ile plastiki, nikalala na simba wenu mpaka kukapambazuka.

Nileteeni Linet. Mje na sweta zenu.

Na ile baridi, tafadhali, usimwambie Kiptanui.

Mamako anayekupenda,
Wilkista