Mlango wa Shangazi

Jumatano usiku

Hata usingizi hauji. Kesho fundi anatoka Kerege kuja kujenga choo cha ndani cha Shangazi Zuhura, na ramani nimeichora mimi, nami programu hii ya kuchorea nyumba ndiyo kwanza najifunza.

Jioni nilimwonyesha kwenye kompyuta. Akasogeza kiti chake cha magurudumu, akaikagua ramani.

"Mwanangu, hapo mlangoni mimi napitaje?"

Nikapima kiti. Kingekwama! Nilikuwa nimeweka mlango uliokuja na programu, bila kumfikiria yeye.

Nikaupanua. Ukuta ukasogea, dirisha likapotea, nikaanza upya huku jasho linanitoka.

"Sasa naingia mwenyewe, sibebwi," akasema, akacheka.

Mimi sikucheka. Kama kuna kosa jingine ambalo hakuliona...