Kumtafutia Wakili Nyumba

Jumamosi, 2 Machi

Nimerudi, nimeoga mara mbili na bado najisikia mchafu.

Leo ofisi ilifanya "Siku ya Kuonana". Ukumbi wa kukodi, maputo, soda, spika inapiga nyimbo za harusi. Vijana wetu wamebandikwa karatasi kifuani — jina na umri. Watu wanaotaka kuasili mtoto wanapita na glasi mkononi, wanawatazama, wanapita tena. Mnada. Alikosekana dalali tu. Mama mmoja alimuuliza kijana wa miaka kumi na minne kama bado anakojoa kitandani. Mbele ya wenzake! Bosi akacheka ili mama asijisikie vibaya. Kijana je? Hakuna aliyemuuliza.

Hii ndiyo kazi yangu: kuwatafutia familia ya kudumu vijana walio kwa walezi wa muda, kabla hawajatimiza kumi na nane na kuambiwa kwaheri, mlango ule pale. Wadogo wanagombaniwa. Wakubwa wanabaki kama mitumba ya jioni.

Wakili alikaa kwenye kona. Binti wa miaka kumi na sita. Tunamwita hivyo kwa sababu hakuna jambo asiloliwekea pingamizi. Aliibandua karatasi yake kifuani akaibandika kwenye chupa ya soda, kisha akaisukuma chupa katikati ya meza. "Haya, wamwangalie huyo, hana maneno mengi." Wenzake walivunjika mbavu. Mimi pia. Bosi alinikata jicho.

Jumanne, 5 Machi

Wakili kapata watu. Bosi kaniita asubuhi, uso umekunjuka kama wa bwana harusi.

Mume kontrakta, mke ana duka la mapazia. Wao walitaka mtoto wa miaka mitano. Bosi akawapaka mafuta kwa mgongo wa chupa mpaka wakasema sawa, tutamjaribu huyo mkubwa. Tutamjaribu. Wakauliza akiwashinda inakuwaje. Bosi akawajibu, kwa sauti ya muuza friji, kwamba kuna miezi ya majaribio, na wakati wowote wakimchoka ofisi itampokea bila maswali. Nilikuwa nimekaa palepale. Nilijiangalia viatu.

Sababu ya haraka yote hii naijua. Wakubwa wa makao makuu wanakuja mwisho wa mwezi, na Bosi anataka kuwaonyesha "kijana mmoja mgumu" aliyepata kwao. Hao mume na mke sidhani kama ni watu wabaya. Wameuziwa tu kitu wasichokitaka. Na kitu chenyewe kina masikio.

Alhamisi, 7 Machi

Nilikwenda kwa mlezi wa sasa wa Wakili. Nilimkuta binti uani anafua sare za shule. Nikavuta ndoo, nikaigeuza, nikaikalia. Nikamuuliza swali ambalo mwongozo wetu unatutaka tumuulize kila kijana, na ambalo hakuna anayeuliza: ungepewa nafasi ya kuchagua, ungemtaka nani?

Akadhani namtega. "Mimi? Nichague mimi?"

Wewe.

Akasugua kola muda mrefu, wakati ilishatakata. "Bi Gia."

Bi Gia ni dereva wa gari letu la ofisi. Mwanamke mnene, sauti ya mpiga mnada, anagombana hata na taa za barabarani. Mtoto akihamishwa nyumba, yeye ndiye anayemchukua na kumpeleka. Nikamuuliza Wakili kwa nini yeye.

"Kila nikirudishwa, anayekuja ni yeye. Nyinyi maafisa mnabadilika — wewe wa ngapi sasa? Yeye yuleyule. Akifika hasemi pole, hasemi Mungu ana mpango. Anasema kaa mbele, funga mkanda, umekula?"

Tumetangaza redioni. Tumebandika picha zake makanisani, misikitini, mpaka kwenye saluni. Na muda wote huo mtu wake alikuwa kwenye mishahara yetu, anatusalimia kila asubuhi. Wataalamu sisi! Tumewatazama watu wa mbali mpaka macho yakauma, aliye chini ya pua hatukumwona.

Ijumaa, 8 Machi

Nilimwambia Bi Gia tukiwa barabarani. Kosa. Alikata kona, akasimamisha gari mbele ya duka la rangi, akazima injini.

Baadaye akasema: "Kakwambia mwenyewe? Kwa mdomo wake?"

Nikasema ndiyo. Akafuta dashibodi kwa kiganja, haikuwa na vumbi. Kumbe yeye na mumewe, fundi viatu, walishalizungumza zamani. Watoto wao ni watu wazima, chumba kipo. Alikwenda kwa bosi aliyemtangulia huyu, akaambiwa mfanyakazi wa ofisi hawezi kuasili mtoto wa ofisi. Kanuni. "Nikaufyata," anasema. "Ningebishana nini, mwanangu, mimi ni dereva. Kila nikimshusha kwa watu najisemea hawa ndio, watamweka. Baada ya muda simu inalia: njoo umchukue."

Jumatatu, 11 Machi

Bosi alicheka. Nilifunga mlango, nikakaa, nikamweleza vizuri kabisa, na mtu mzima yule akacheka. "Dereva?"

Nikasema dereva mwenye nyumba, mume, akili timamu, na mtoto anamtaka. Akasema mgongano wa maslahi. Nikauliza maslahi gani, anapata faida gani, mafuta ya bure? Akasema nisimjibu kihuni. Halafu akatoa ile kubwa: ndiyo maana kila siku anawaonya watumishi wasizoeane na watoto, matokeo yake ndiyo haya.

Matokeo yake. Mtoto kumpenda mtu, kwa Bosi, ni kama ofisi imeingiwa na panya.

Nyumbani nilisukuma sahani kando. Mke wangu anasema nina uso wa mtu aliyelazimishwa dawa ya minyoo. Nikamwambia naichukia ofisi ile mpaka harufu ya zulia lake. Akasema basi acha kazi. Nikasema nikiacha, Wakili atabaki na nani? Akasema, na usipoacha, ana nani? Tukalala tumepeana migongo.

Jumatano, 13 Machi

Bi Gia kaacha kazi!

Aliingia kwa Bosi bila kubisha hodi, akaweka funguo za gari mezani. Mlango ulikuwa wazi, tulisikia wote. Alisema: tangu sasa mimi si mfanyakazi wenu, kanuni imekwisha, niandikieni ombi langu.

Bosi wala hakupandisha sauti. Akamkalisha. Akamweleza polepole, kama unavyomweleza mgonjwa, kwamba mwombaji lazima awe na kipato, na yeye tangu sasa hana. Fundi viatu peke yake hatoshi. "Mkono mtupu haulambwi, mama yangu." Na akatabasamu. Nimeona mengi kwenye ofisi hii, lakini tabasamu kama lile sijaliona. Ukiwa na kazi huruhusiwi kwa sababu una kazi. Ukiiacha huruhusiwi kwa sababu huna. Na mtu anakaa kwenye kiti cha kuzunguka, ameridhika, anaona amefanya haki.

Bi Gia aliomba arudishiwe funguo, abaki na kazi yake. Bosi akasema barua ya kuacha kazi ataiandika yeye mwenyewe, aende tu salama.

Nilimkimbilia nje. Nikamwambia mwisho wa yote anayeamua ni hakimu, si Bosi. Nitampelekea hakimu suala hili mimi mwenyewe, hata kama na mimi nitafukuzwa. Hakimu wa watoto yuko safarini, anarudi wiki ijayo. Aliitikia tu. Akasema Wakili asiambiwe. "Mwambie niko likizo."

Ijumaa, 15 Machi

Bosi kausogeza mbele uhamisho. Wakili anapelekwa kesho kwa kontrakta. Nikauliza haraka ya nini, hakimu anarudi Jumanne. Akasema ndiyo maana.

Alisema hivyo bila kupepesa macho. Halafu akanirushia funguo za gari. "Una leseni, si ndiyo?"

Ninayo. Na nilizidaka. Kwa nini nilizidaka?

Jumamosi, 16 Machi

Naandika nimeegemeza daftari kwenye usukani. Tupo nje ya geti la kontrakta. Wakili anadhani naandika ripoti.

Alitoka kwa mlezi na begi lake, akatembea moja kwa moja mpaka mlango wa mbele wa gari. Akaniona kwenye kiti cha dereva. Akazunguka, akapanda nyuma.

Nikasema Bi Gia yuko likizo. Akasema, "Bi Gia hana likizo. Alishakuja kunichukua ana plasta ya mkono mzima." Nikashindwa kuendelea kudanganya. Nikamwambia yote: funguo, kipato, hakimu, Jumanne. Nilitegemea aanze kubishana. Nilitamani abishane.

Tulipofika ndipo akasema, taratibu, anatazama geti: "Kwa hiyo hawa wakinirudisha, anakuja nani kunichukua?"

Geti limefunguliwa. Mke amesimama na gauni la kutokea, anatupungia mkono. Mumewe anatuelekeza pa kuegesha, kulia, kulia tena. Sijazima gari. Wakili hajafungua mkanda. Bado anasubiri nimjibu.