Salamu kwa Mama Nyaga

Ijumaa, 9 Mei

Siku nzima kupimia watu mbegu na dawa ya ng'ombe. Mikono inanuka hata baada ya sabuni. Jioni nimempigia Mama, kule kwake Karurumo. Kesho akina mama wa kanisa wanakwenda kuombea nyumba yake, kwa sababu Jumapili ya wiki ijayo anavishwa kitambaa cha uongozi. Desturi ni watoto wote wawepo. Nimemwambia hatutaweza: mdogo wetu Njeru anahama nyumba huko Meru, mimi na dada yangu Wawira tunaenda kumbebea vitu.

Uongo mtupu. Njeru hahami popote. Kuna bendi.

Mama akasema sawa, tubebe polepole tusiumize migongo. Nikajisikia vibaya kama dakika tano hivi.

Jumamosi, 10 Mei

Meru wanajua muziki, lazima nikubali hata kama anayenitambia kwa niaba yao ni Njeru, na yeye ni Mwembu kama mimi. Saa sita mchana tulikuwa mahali nyuma ya uwanja wa Kinoru, mtu mmoja na gitaa lake, meza zote zimejaa. Saa tisa tukahamia bustani ya hoteli moja, bendi kamili, mpiga besi amefumba macho kama anasali. Wawira anafundisha darasa la pili na hacheki ovyo. Leo alivua viatu. Watu wakashikana mabega, wakazunguka meza kwa mstari mrefu, na sisi watatu katikati. Hatujawahi kufurahi pamoja hivi tangu tumzike Baba.

Mwimbaji akauliza nani ametoka mbali. Njeru akanisukuma. "Bro, enda useme home! Wacha wajue tuko!" Nikaenda kumnong'oneza mwimbaji. Ningesema Embu tu, ingetosha. Lakini nilikuwa nimelewa sifa kabla ya pombe, nikamtajia jina la Mama na kwao. Akaliimba mara tatu. "Watoto wa Mama Nyaga wa Karurumo! Huyo mama amezaa!" Watu wakapiga makofi. Mimi nikainua chupa juu.

Simu ya bendi ilikuwa imesimamishwa mbele ya spika. Nilidhani ni ya kupiga picha.

Jumapili, 11 Mei

Walikuwa wanarusha moja kwa moja mtandaoni. Binamu yangu amenitumia video kabla sijanawa uso. Mimi na chupa yangu, Wawira bila viatu, na jina la Mama linaimbwa saa ile ile akina mama walikuwa wamepiga magoti sebuleni kwake. Wakituombea sisi. Tulio kazini tukibeba vitanda.



Jumatano, 14 Mei

Mama hajapiga simu. Mimi nimeshika simu mara nyingi nikairudisha mfukoni. Mwoga. Mteja amenitania dukani, "Nyaga, salamu zilifika!" Nimemuuzia dawa bila kumtazama.

Jioni Wawira amepata habari yote kutoka kwa jirani. Viongozi wa kanisa walimwita Mama jana. Wakamuuliza kama alijua tulikokuwa. Angesema hapana, tungebaki sisi waongo na yeye angevishwa kitambaa chake. Njia ilikuwa wazi. Mama, ambaye hata kuku wa jirani akitaga kwake anarudisha yai, akawaambia: "Nilijua. Ni mimi niliwaambia waende, walikuwa wamechoka."

Wamemwondoa kwenye orodha ya Jumapili. Labda mwakani.

Wawira analia. Njeru amezima simu. Mimi ndiye mkubwa, na mimi ndiye niliyemtaja.

Jumapili, 18 Mei

Tumekwenda kanisani wote watatu. Wenzake sita wamevishwa. Mama alipiga makofi kwa kila mmoja, na aliimba kuliko wote. Watu walikuwa wakigeuka kututazama. Nilitazama sakafu.

Nyumbani nilianza kuomba msamaha. Akanikatiza: "Kunywa chai kwanza, inapoa." Nikanywa. Nilipoanza tena alikuwa ametoka kukatia ng'ombe majani. Nikamfuata shambani, nikasema yote nikiwa nimesimama kwenye matope. Alisikiliza bila kuacha kukata. Mwishowe akanipa mzigo nibebe.

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Jumanne, 20 Mei

Mvua tangu asubuhi, wateja wachache. Mama amepiga simu. Ng'ombe amezaa, ndama jike, ameshasimama. Nimemwambia hongera.

Akauliza kama tutakuja Jumapili. Miaka yote amekaa mbele na akina mama wenzake. Sasa anasema amehamia benchi ya nyuma, karibu na mlango, kuna hewa. Inatosha watu wanne.

Nimesema tutakuja.

Nimewaambia Wawira na Njeru. Wote wamekubali.