Ng'ombe Niliowaweka kwa Watu

Nyakahura, 1995

Mwanangu Samweli,

Nina miaka sabini na miwili. Nimezika ndugu zangu wote na njaa mbili nimezishinda, kwa hiyo usishtuke. Mvua imenyesha, yule ng'ombe mwekundu kazaa.

Tumbo lilinisumbua nikaenda kwa daktari wa wakimbizi kule kambini Benaco, nesi Joyceline akanitafsiria. Kumbe mwilini kuna protini zinazoamuru chembe za tumbo zigawanyike ziongezeke, na nyingine za kuzizuia. Kwangu mimi za kuzuia zimelala, zile za kuamuru hazipumziki. Ni kansa, bado changa. Nikamwambia, "Hata kansa yangu ina nguvu, daktari." Hakucheka. Anataka nikapasuliwe Mwanza mwezi huu, kabla haijasambaa.

Nilikataa. Sasa nimechoka, hata kunywa maziwa kunanishinda. Nitakwenda. Lakini uje kwanza, nikupeleke kwa kila mtu niliyemwekea ng'ombe wetu anitunzie, maana hakuna mtu niliyewahi kumwonyesha walipo. Usidhani nakufa.

Kama huamini, muulize mama yako Petronila. Ndiye aliyenishika mkono nilipotetemeka baada ya kutoka kwa daktari, nikamwambia ni baridi.

Baba yako,
Ndassa