Barua ya Msamaha Sitaiandika

Kahororo,
Bukoba.
16 Juni 2024

Mpendwa Shangazi Bernadina,

Shikamoo. Habari za Songea, na baridi ya Juni unaionaje mwaka huu? Goti lako limepata nafuu? Sisi hapa nyumbani ni wazima. Mama anakohoa kidogo lakini shambani anakwenda. Migomba inapendeza, ila kahawa imechanua nje ya majira yake na Baba hajui atavuna lini. Dada Yuster amejifungua salama mtoto wa kike, tumempa jina la bibi, Jovita.

Baba ameniambia ulimpigia simu. Unataka nimwandikie mratibu wa mafunzo barua ya kuomba msamaha ili nipewe cheti changu. Shangazi waitu, wewe ndiye uliyeliona lile tangazo na kunisukuma niombe nafasi. Ni haki yako kuyasikia kutoka kwangu, maana Baba hakuwapo.

Mafunzo yalikuwa ya wiki nane, pale Bilele mjini. Tulikuwa vijana ishirini na wanne, tukifundishwa uongozi na namna ya kuzungumza na watu kuhusu mabadiliko ya tabianchi. Siyasemi vibaya. Nilijifunza kupanga hoja, na kumhoji mtu bila kumkata kauli. Kazi ya mwisho ilikuwa kila mmoja aende mahali palipoguswa na mabadiliko hayo, asikilize watu, kisha azungumze dakika kumi mbele ya wageni. Mimi nikapanda boti Kemondo, nikaenda kisiwani Bumbire.

Huko ndiko nilikomkuta Maimuna. Ni mama wa miaka hamsini hivi, alihamia kutoka Ukerewe, ananunua dagaa kwa wavuvi na kuwaanika. Mwaka huu ziwa limepanda likameza sehemu ya kuanikia pamoja na nyumba za watu. Alinionyesha vigingi alivyokuwa akichomeka kila maji yalipofika. Vitatu viko ndani ya ziwa, tulivua viatu kuvifikia. "Hapa nilikuwa napikia," akaniambia, maji yametufika magotini.

Nikaandika yote. Mratibu, Bwana Julius, aliposoma akanipa karatasi nyingine aliyoiandika mwenyewe. Ilisema watu wa visiwani wanakata miti ovyo, hawana elimu ya mazingira, na sisi vijana tutawaelimisha. Miti inakatwa, sikatai, Maimuna mwenyewe alinionyesha visiki. Lakini yeye hakuwamo kwenye karatasi ile, wala ziwa halikuwamo. Nikamwambia Bwana Julius kwamba sivyo nilivyoona.

"Edvina," akasema, "wageni wanataka suluhisho, hawataki malalamiko. Kiongozi mzuri anashika ujumbe aliopewa."

Nikampigia simu Maimuna, nikamsomea karatasi ile. Siku ya wageni akavuka, akakaa mstari wa nyuma na kitenge chake cha kanisani... sijui kwa nini naandika kanisani, yeye ni Mwislamu. Niseme kitenge chake cha sikukuu.

Zamu yangu ilipofika nikaikunja ile karatasi, nikawaambia wageni kwamba dakika zangu nimempa Maimuna. Bwana Julius akasimama. "Huyu mama hayumo kwenye ratiba."

"Mimi nimo," nikamjibu, "na dakika ni zangu." Kipaza sauti nikamkabidhi Maimuna, Shangazi.

Maimuna hakupaza sauti. "Nimesikia hatuna elimu," akasema. "Mimi nimehamisha chanja zangu za kuanikia dagaa mara nne, na kila mara nimeweka alama. Nani humu ndani ana alama zake, tuzilinganishe?" Akasema watu wa kisiwani wanataka mambo mawili tu: eneo la juu la kuhamia, na taarifa ya hali ya hewa ifike mwaloni, pale boti zinapoegeshwa, kabla hazijatoka. Mwezi Machi mdogo wake, Haidari, alitoka kuvua ziwa likiwa limetulia. Hakurudi.

Hilo la Haidari hata mimi hakuwa ameniambia.

Jioni ile nikatolewa kwenye kundi la simu, na jina langu likafutwa kati ya vijana watakaokwenda Dodoma kuyawakilisha mafunzo. Lakini afisa mmoja wa halmashauri aliyekuwapo ukumbini alifika Bumbire baada ya siku tisa, na kaya kumi na moja zimeonyeshwa eneo la juu. Sasa niombe msamaha wa nini? Wa kusema ukweli, au wa kumpa nafasi mwenye habari yake? Cheti kikae huko huko kabatini kwa Bwana Julius. Nikiandika barua ile nitakuwa nimesema Maimuna alidanganya. Ukiniita mkaidi, nakubali, Shangazi. Sitaandika.

Wala sijakaa bure. Wenzangu wawili wa mafunzo, Dastan na Joanitha, wamejiunga nami, na vyeti vyao wanavyo. Kila asubuhi Joanitha anasoma utabiri wa hali ya hewa na kumpigia Maimuna. Ukiwa mbaya, Maimuna anatundika khanga nyekundu juu ya mti mwaloni. Juzi boti sita hazikutoka, na mchana upepo ulivuma kweli. Kila Jumamosi tunakwenda Kemondo na spika ya kuazima, tunazungumza na wavuvi na wauza samaki. Wengine wanatucheka. Tunarudi tena.

Baba hakunisemesha wiki mbili nzima. Leo baada ya misa, tukila, ameniuliza kama Jumamosi kwenye boti yetu ya Kemondo kuna nafasi ya mtu mmoja. Nikacheka, nikamwambia Kemondo tunakwenda kwa gari. "Basi kwenye gari," akasema.

Nisalimie Baba Philbert, na Philbert mwenyewe, na Oliva, mwambie nimepokea picha zake. Mungu awalinde nyote na aliponye goti lako, uje Krismasi umpakate Jovita.

Mimi mwanao, anayekupenda hata anapokukatalia,

Edvina