Si Maalim Hisham

Jumatatu, 2 Agosti 1993

Nlikwenda Mkunazini kumjaribisha ndugu yangu Hind gauni lake la maulidi. Nikamwinua mkono nipime kwapa. Kutoka begani mpaka kiwiko — weusi, na chini yake umanjano wa siku nyingi. Alama nne upande mmoja, moja upande wa pili. Kama mkono ulioshika ukakataa kuachia.

Kasema kaanguka kwenye ngazi. Nikaendelea kupima.

Mara Maalim Hisham, mumewe, akapiga hodi chini. Kabla mguu wake haujafika ngazi ya tatu, Hind keshavaa buibui. Ndani ya nyumba yake mwenyewe! Maalim kaniuliza presha ya mama. Kanipa na vidonge nimpelekee.

Jumanne, 3 Agosti

Labda ni ngazi kweli. Zile ngazi ni mbovu.

Maalim Hisham! Nusu ya watoto wa mtaa wamesoma Kurani chuoni kwake. Baba alipofariki ni yeye aliyemkosha, akakaa na sisi matanga yote. Na wake wanaopigwa na waume zao hupelekwa kwa nani? Kwake. Mwaka jana jirani yetu Bi Kazija alikuja jicho limefumba. Maalim alimwita mumewe barzani, akamsema mbele ya watu mpaka akalia. Hajamgusa tena mpaka leo.

Mtu kama huyo? Mimi ndie mwenye roho mbaya.

Alhamisi, 5 Agosti

Si ngazi.

Hind kaja asubuhi, Maalim yuko chuoni. Nimemuuliza moja kwa moja. Kanieleza kama anayesimulia habari ya mtu mwengine. Miaka sita. Hakasiriki, kasema, hapigi kelele hata siku moja. Anafunga madirisha kwanza. Anavua saa, anaiweka juu ya kabati. Akimaliza anatia udhu, anashuka kwenda kusomesha. Mimba ile iliyotoka mwaka juzi — haikutoka yenyewe.

Nikamuuliza kwa nini hakunambia.

"Nilikwambia," kasema. "Idi mosi, jikoni kwenu. Nilisema namuogopa mume wangu. Ukacheka, ukasema nani asiyemuogopa Maalim."

Nnakumbuka. Nilikuwa nnakaanga sambusa. Nilicheka kweli.

Jumamosi, 7 Agosti

Nimemwambia mama. Hakushtuka! Hilo ndilo lililonitisha. Kaweka kisu chini, kashusha sauti, kanambia Hind ana sheitani. Tangu mimba ilipotoka. Anajigonga ukutani, anajiuma. Maalim mwenyewe alikuja kumweleza tokea mwezi wa Rajab, machozi yanamtoka, akamwomba asimwambie mtu, amstiri mtoto.

Nikakimbilia kwa Bi Kazija. Yeye kapigwa, nikasema, atafahamu. Kumbe na yeye kaambiwa. Na mumewe. Kila mmoja kaambiwa peke yake, kila mmoja anadhani ndie pekee aliyekabidhiwa siri. Mtaa mzima unamstiri Hind!

Nikamwambia nimeuona mkono wa Hind. Bi Kazija kanitazama kama niliyemtukania mzazi.

"Kama Maalim ni hivyo," kasema, "basi mimi nani aliyeniokoa?"

Kanifungulia mlango nitoke.

Jumatatu, 9 Agosti

Maalim kaja. Mchana kweupe, mlango wazi, watu wanapita njiani. Nilikuwa kwenye cherehani, sikumsikia. Nilipoinua uso, keshasimama mlangoni. Sijui alikuwepo tangu lini.

Kaniuliza hali. Kaniwekea kifuko cha halua mezani. Kisha, kwa upole:

"Shemeji, nimesikia na wewe umeanza kuona vitu. Sheitani wa ukoo huyo, humtoka mmoja akampanda mwengine. Nakuombea sana."

Katabasamu, kaondoka. Njiani nnamsikia anaitikia salamu za watu, mmoja mmoja kwa jina lake.

Sindano ilikuwa imenipita kidoleni. Sikuhisi mpaka nilipoona damu kwenye kitambaa.

Sasa nikisema lolote, watasema na mimi ninaye huyo sheitani. Keshanifungia mlango kabla sijatoka.

Jumatano, 11 Agosti

Hind kakimbia. Kaja kwetu na kanga moja, mdomo umepasuka. Kasema harudi, afadhali afe.

Nimetaka kumpeleka hospitali. Mama kaficha mabuibui yetu — watu watasema nini? Nimetaja kadhi, kaanza kulia. Mwisho kaitwa Ami Msabah, kaka yake marehemu baba, kutoka Bububu. Nilifurahi. Ami ni mtu wa haki.

Kaja, kamtazama Hind, kasikitika kweli. Kasema lazima kiwekwe kikao. Mama kamuuliza nani atakaetusuluhisha.

"Mambo haya siku zote tunampelekea Maalim," Ami kasema.

Hakuna aliyepata jina jengine.

Ijumaa, 13 Agosti

Baada ya sala ya alasiri. Niko chumbani na Hind, pazia tu linatutenga na ukumbi. Nnaandika huku nnawasikia.

Wameshafika. Wazee wanne. Mama na Bi Kazija wamekaa kwenye jamvi karibu na mlango. Maalim kaingia wa mwisho — Ami kainuka, kampa kiti chake. Kisha kamwomba atufungulie kikao kwa dua. Yeye!

Sauti yake nzuri. Siku zote ilikuwa nzuri. Wote wakainua mikono. Na mimi nikaweka kalamu nikainua. Nikajiona, nikaishusha. Hind hakuinua.

Amin, wamesema.

Ami anaita, "Hind, mwanangu, njoo utwambie."

Maalim kasema taratibu, mwacheni apumzike, mwenzangu ni mgonjwa, mimi nitamsemea. Na nnawasikia wote wanavyoshusha pumzi. Mzee mmoja kasema naam, bora hivyo.

Hind kasimama. Kashika pazia, kagandana nalo. Kanigeukia, ananitazama tu.

Huko nje Maalim keshaanza kueleza. Ananitaja na mimi sasa. Nnaweka kalamu, nnasimama na Hind.